Sahani ya Kijani Njiani Kwenda Kahama

Kama leo umekalishwa kwenye lile benchi la nje, lile linalowekwa mbali kidogo na mabenchi ya wagonjwa wengine, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Niko kidato cha tatu, na mbele za watu sauti yangu haitoki, ndiyo maana naandika. Nilikuwa na kifua kikuu, nimepona. Habari za dawa atakueleza nesi, naye umsikilize. Mimi nataka kukuambia habari za sahani, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia.

Ilikuwa ya plastiki, ya kijani, na kikombe chake cha rangi hiyohiyo. Mama aliinunua tukitoka kupokea majibu, hata nyumbani hatujafika. Kabla ya hapo tulikula sinia moja. Tulikuwa watatu tu, baba, mama na mimi Minza, hapo kwetu nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Kwa majirani wanaume hula kwao na wanawake kwao, lakini baba alikuwa anasema watu watatu wakigawana masinia mawili watakuwa wanaringia nani. Kila mtu alikuwa na upande wake wa ugali. Upande wa baba ulikuwa ule unaotazama mlango, maana alikuwa mtu wa kuondoka. Alichimba dhahabu kwenye maduara ya huko Masumbwe, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, akawa anakuja nyumbani mara moja moja na vumbi kwenye kope.

Nilianza kuugua mvua zilipoanza. Watu walipokuwa wanapandikiza mpunga, mimi nilikuwa naamka shuka limelowa kama nimelala jarubani. Mkanda wa sketi ya shule nilitoboa tundu jipya, kisha jingine, halafu mama akashona sketi yenyewe. Kwenye benchi la nje tulikaa tumeachiana nafasi, kila mtu na kikopo chake cha makohozi amekificha kwenye mfuko wa plastiki wa Rambo kana kwamba ni mboga. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye kila nikifika ananisogezea ile sehemu yenye kivuli. Hatukuwahi kuambizana majina.

Siku ya kwanza ya vidonge nilikojoa mkojo mwekundu nikapiga kelele chooni. Nesi alikuwa ameniambia, ila kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Nilitapika. Nilikuwa navaa sweta jua likiwa utosini. Kwaya nikaacha.

Nesi alituambia pia jambo jingine, na alilisema waziwazi, mama akiwa amekaa pembeni yangu: "Huu ugonjwa unapita kwenye hewa, mama. Fungueni madirisha, mtoto ameze dawa, na wote mlio nyumbani mje mpimwe. Haukai kwenye sahani." Mama akaitikia, "Ndiyo, nesi." Kisha tukatoka tukanunua sahani.

Baba alikuja wiki hiyo. Aliponikuta nimekaa kizingitini na sahani ya kijani mapajani, alisimama akaniangalia muda mrefu. Halafu akakaa chini, akanawa, akatumbukiza mkono wake kwenye sahani yangu.

"Baba Minza!" mama akasema.

"Huyu ni mwanangu, si mbwa wa jirani."

Alikula chote kilichobaki, akalamba na vidole. Mama akamwambia habari ya kwenda kupimwa. Baba akasema atakwenda, mawe yakitoka. Akakohoa. Akasema ni vumbi la duara. Kesho yake akaondoka na basi. Mimi nilibaki nikijisikia mtu kwa mara ya kwanza tangu nianze dawa, na kwa siku nyingi nilikuwa nikiosha ile sahani polepole.

Mpunga ulipokuwa unavunwa, wenzake walimrudisha amekaa katikati ya bodaboda kama mzigo, mmoja mbele na mmoja nyuma wa kumshikilia. Dawa zilimkuta hana mwili wa kuzibeba. Tulimzika nyuma ya nyumba, na mimi siku hiyo asubuhi nikameza vidonge vyangu kama kawaida, maana nesi alisema usiruke hata siku moja, wala hakusema isipokuwa siku ya msiba.

Siku hiyo nilikwenda kuchukua maji jikoni. Kabla sijaingia nikamsikia shangazi, dada yake baba, anasema, "Kaka yangu alikula sahani moja na mgonjwa. Mlitegemea nini?" Nikasubiri mama ajibu. Nilimwona kwenye upenyo wa mlango, amekaa kwenye kigoda. Mama hakujibu. Alivuta kanga yake akaziba mdomo.

Tangu hapo nilikuwa nasubiri aniambie usoni. Hakuniambia. Nilimaliza dawa pamba ikiwa imeshauzwa, nesi akanipa mkono na kusema nimepona kabisa, lakini nyumbani sahani ya kijani iliendelea kuwekwa mezani. Mama alihama chumba chetu akalala sebuleni. Alikula jikoni, amenipa mgongo. Tukiongea anasogeza kanga mdomoni. Nilikuwa nimepona kifua, sasa nikawa nalala na swali moja tu: mama anaamini kwamba mimi ndiye niliyemuua baba?

Hayo ndiyo niliyoyabeba siku ya kwanza ya hija.

Vijana wa parokia yetu huwa wanakwenda hija kwa baiskeli baada ya mavuno, kutoka Shinyanga, kupita Kahama na Masumbwe, mpaka Ushirombo. Baba alikwenda enzi za ujana wake, tena ndiye aliyebeba kibuyu. Kibuyu ni desturi yao. Siku ya kwanza, kwenye kituo cha kwanza, kibuyu kimoja cha togwa ya mtama kinazunguka mdomo kwa mdomo, kila mtu funda moja. Aliyekunywa hawezi kuacha mwenzake njiani wala hawezi kuachwa. Tairi lako likipasuka, wote wanasimama.

Niliomba kwenda kwa sababu njia inapita Masumbwe. Nilitaka kuona shimo ambalo baba alikuwa analitazama kuliko alivyotutazama sisi. Nesi alisema, "Nenda, ila ukichoka usione aibu." Mama akatoa baiskeli ya baba, Phoenix nyeusi, akaipaka mafuta mnyororo yeye mwenyewe. "Nitakukuta Kahama jioni," akasema. "Nitakuja na basi. Kuna kitu nashughulikia mjini kwanza." Sikumuuliza kitu gani. Kwetu hatukuwa tunaulizana tena.

Tuliondoka baada ya misa ya alfajiri. Padri alinyunyizia baiskeli maji ya baraka, yangu ikapata mengi kwenye tandiko, nikaanza hija na sketi imelowa. Holo, rafiki yangu wa darasani, akapiga kelele, "Minza, umejikojolea kabla hata hatujafika Tinde!" Wote wakacheka. Holo ni mnene, ana sauti ya mnadani, na hana neno moja la siri. Nampenda kwa sababu anaongea hadi sehemu yangu.

Barabara asubuhi ilikuwa na baridi nzuri. Baiskeli zilikuwa zinalia krr krr krr, na wale wa mbele wakaanza wimbo wa kwaya. Niliimba kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kuimba tangu nianze kuugua, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine, lakini ilitoka. Kwa muda nilisahau yote. Nakwambia ukweli, nilikuwa na furaha mpaka Tinde.

Pale Tinde, kituo cha kwanza, tukaegesha. Kaka Paulo, mwenyekiti wa vijana, fundi baiskeli wa mjini, akafungua kibuyu, akanywa, akampa wa kulia kwake. Kikaanza kuja. Nilikuwa nakiona kinavyokuja, mdomo kwa mdomo, watu wanafuta ndevu za togwa na kucheka. Na mimi, Mungu wangu, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye begi ukatoa kikombe cha kijani. Sikuwa nimepanga. Hata sikukumbuka kwamba nilikipakia.

"He! Hicho cha nini?" Holo akasema. "Umekuja kliniki?"

Watu wakacheka. Hakuwa na ubaya, najua. Alikuwa anatania kama anavyomtania kila mtu. Lakini nilihisi masikio yanaungua.

"Kikombe hapa hakina kazi, mdogo wangu," Kaka Paulo akasema kwa upole. "Ni funda moja tu, hapohapo kwenye kibuyu."

Kibuyu kilikuwa mkononi mwangu sasa. Kilikuwa na joto la mikono ya watu. Baada yangu alikuwa anafuata Holo. Nilimwangalia mdomo wake, ule mdomo usionyamaza, nikamwona baba amekaa katikati ya bodaboda.

"Nimefunga," nikasema.

"Umefunga?" Holo akashika kiuno. "Mkatoliki gani anafunga Jumamosi juu ya baiskeli? Bhebhe, wewe, utakufa!"

"Mwacheni," Kaka Paulo akasema. "Kila mtu na nadhiri yake."

Kibuyu kikanipita. Hakuna aliyenitenga siku ile, ndugu yangu. Nilijitenga mwenyewe. Hiki ndicho ninachotaka ujue mapema: dawa zinaisha, vidonda vya kifua vinapona, lakini unaweza kubaki unauogopa mdomo wako mwenyewe.

Baada ya Tinde upepo ukageuka ukatukabili usoni, upepo wa kiangazi wenye mchanga. Jua likapanda. Upande wangu wa kulia, ambako ugonjwa ulikuwa umekaa, ukaanza kuvuta kama mshono. Kaka Paulo alikuja ubavuni, akaniwekea kiganja mgongoni, akawa ananyonga baiskeli yake na kuisukuma yangu. Tulikwenda hivyo kitambo kirefu. Nilitamani asiondoe ule mkono, na hapohapo nilitamani auondoe nisije nikalia.

Tulipopita Isaka nikashuka. Sikuanguka, nilishuka tu, nikakaa kwenye majani makavu, nikawa natafuta pumzi. Wote wakasimama.

"Endeleeni," nikasema. "Mimi sikunywa. Kwa sheria ya kibuyu mnaweza kuniacha."

"Kumbe sheria unaijua," Holo akasema, amejifuta uso kwa kanga, anahema kuliko mimi. "Ungejua pia kwamba sisi tuliokunywa ndio tunaoamua. Tunasubiri. Na mimi nilikuwa nakuombea ushuke, magoti yangu yamekufa."

Hata hivyo pumzi haikurudi vya kutosha. Wakanipakia kwenye kirikuu, kigari kidogo kilichokuwa kinatufuata nyuma na mizigo. Nikakaa katikati ya magunia ya unga na sufuria, baiskeli ya baba imelala juu ya miguu yangu. Gari likawapita wenzangu, nikawa nawaona nyuma yetu, mabega yao yanapanda na kushuka, yakipungua na kupungua. Nililia. Nililia jinsi ambavyo sikulia msibani, kwa sababu msibani nilikuwa naogopa watu wangesema, "Analia nini, si ndiye aliyemuua?"

Dereva hakuniuliza. Alinipitishia dirishani nusu ya mua, basi.

Tulipoanza kuona vilima vya mawe vya mgodi wa Buzwagi, nilikumbuka. Wakati niko mdogo tulipita hapo na baba kwenye basi. Alinionyesha ile milima iliyotengenezwa na watu, akasema, "Unaona Minza, wenzetu wanachimba kwa mashine. Sisi tunachimba kwa kifua." Akacheka sana kwa maneno yake mwenyewe, kicheko kikageuka kikohozi, mama akampiga piga mgongoni. Nikagonga bati la kirikuu.

"Nishushe hapa."

"Bado kidogo tu, binti."

"Ndiyo maana. Nishushe."

Nikasubiri wenzangu wakafika, nikaingia Kahama nikiwa juu ya Phoenix ya baba, wa mwisho kabisa, Holo akiwa mbele yangu anaimba vibaya kwa makusudi.

Tulikuwa tunalala kwenye madarasa ya shule. Mama alikuwa amefika, amekaa chini ya mwarobaini uwanjani, vyombo vyake vimefunikwa na kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole na njia, mayu." Kwetu mzazi akimpenda mtoto wa kike anamwita hivyo, mama. Alikuwa hajaniita hivyo tangu msiba.

Akafunua. Ugali kwenye sinia, mlenda, na michembe ya karanga, viazi vikavu alivyonitengenezea kwa ajili ya njiani. Nikatazama pembeni ya sinia, nyuma ya sinia, ndani ya kikapu.

"Sahani iko wapi?"

"Ipi?"

"Yangu."

"Kuku wanaitumia kunywea maji." Akamimina maji ya kunawa. "Nawa tule."

Hakuwa ameziba mdomo. Ndipo nikaliona hilo. Na mimi nisiyeweza kujibu swali darasani hata nikiwa na jibu, nikasikia sauti yangu inatoka yenyewe.

"Mama. Mimi ndiye niliyemuua baba?"

Birika likabaki hewani. "Nani kakwambia hayo?"

"Shangazi. Siku ile jikoni. Nilisikia. Na wewe ulinyamaza."

Mama aliweka birika chini taratibu sana.

"Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nasikiliza kifua changu," akasema.

Sikuelewa.

"Minza, baba yako alianza kukohoa wewe ukiwa bado unaimba kwaya. Alikuwa analowesha shuka kabla yako. Nikamwambia twende hospitali, akanikataza. Alisema wenzake wakijua ana kifua kikuu hawatamshusha tena duarani. Nami nikanyamaza, nikasema labda ni vumbi kweli. Hukumpa wewe. Alikupa yeye."

Uwanjani watoto wa pale walikuwa wanachezea kengele za baiskeli zetu, ngring, ngring. Nilikuwa nasikia hizo tu.

"Nimemuuguza mpaka mwisho. Nimelala naye chumba kimoja. Alipokufa nikajiambia, kama kimebaki ndani yangu, hakitamrudia huyu mtoto mara ya pili. Ndiyo maana nikahama chumba. Ile sahani mwanzoni ilikuwa ya kukutenga wewe, sikatai, nilikuwa mjinga. Baada ya msiba nilikuwa najitenga mimi."

"Si ungepimwa!"

"Niliogopa. Ningeambiwa ninacho, wewe ungebaki na nani?" Akajifuta pua kwa kanga. "Jana ndiyo nilijikaza nikatoa makohozi. Leo asubuhi wamenipa majibu. Sina. Sijawahi kuwa nacho. Nikatoka pale nikapanda basi."

Nilitakiwa nifurahi. Badala yake niliona miezi yote ile, yeye jikoni amenipa mgongo akinilinda, mimi mezani na sahani yangu nikimlinda, na katikati yetu hakuna ugonjwa wowote. Nesi alikuwa ametuambia tangu siku ya kwanza. Kwenda kupimwa ni asubuhi moja tu.

Nikamkumbuka baba na mkono wake kwenye sahani yangu. Siku zote nilikuwa najua ule ni ushujaa. Sasa nikaelewa kwa nini alinitazama muda mrefu vile kabla ya kukaa, na kwa nini alilamba hadi vidole. Alikuwa anajua ugonjwa ule umetoka wapi. Alikuwa ananiomba radhi, na mimi sikujua, basi sikumjibu.

"Mama Minza, shikamoo!" Holo alikuwa amesimama mbele yetu, kibuyu mkononi. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaongea chini. "Nimemletea aliyefunga. Jua limezama. Afuturu."

Alikuwa amewanyima watu funda moja ili anitunzie mimi, njia nzima, kwenye joto lile. Niliangalia kibuyu, nisiweze kunyoosha mkono. Mama akakipokea. Akanywa yeye kwanza, taratibu, mdomo mzima kwenye shingo ya kibuyu, kisha akanipa.

"Kunywa."

Nikanywa. Ilikuwa imeanza kuchachuka. Kilichobaki Holo alikinyakua akakimaliza, akapangusa mdomo kwa mkono. "Wabeja, asante," akasema. "Sasa kesho ukishuka tena, nakubeba mgongoni, sina hiari." Akaondoka zake.

Tukala. Mama upande wake, mimi upande wangu. Hatukupanga lakini tulikula kama zamani, kila mtu akimega kwake, mpaka ukabaki upande wa tatu umesimama peke yake kama ukuta wa nyumba iliyobomoka. Hapakuwa na mlango wa kuutazama. Mama alilizungusha sinia kidogo, ukaelekea barabara ya Masumbwe.

"Maliza," akasema. "Hakupenda ugali ulale."

Sikuweza. Wala yeye hakuweza. Tulikaa tukiutazama, mabega yetu yamegusana.

Mwishowe nikafungua begi nikatoa kikombe cha kijani. Nikaumega upande wa baba wote, nikaushindilia ndani, ukaenea sawasawa. Mama akachana upindo wa kanga yake, akafunika, akafunga fundo.

"Utauacha pale mdomoni mwa duara," akasema. "Mwambie umetoka kwetu sote wawili."

"Nimwambie nini kingine?"

Akalikaza fundo.

"Mwambie alichokuomba kwenye ile sahani tumekisikia." Halafu akaangalia nyuma, walikokaa wengine. "Na padri usimwambie."

Nikakifunga kikombe kwenye kiti cha nyuma cha Phoenix, kwa mpira uleule ambao baba alikuwa anafungia sururu.